Mbuzi gani hali majani? Siri ya utani wa maneno, kutoka Mombasa hadi Kawangware

Kuna malalamiko ambayo hayaishi katika baraza zetu za Pwani. Mtoto amepelekwa Nairobi kusoma au kufanya kazi, amerudi likizo, na sasa hacheki. Bibi anatega kitendawili, wenzake wa Mji wa Kale wanaangua kicheko, yeye amekodoa macho. Halafu yeye naye anatoa mzaha wake wa Kawangware, na baraza zima inanyamaza. Hukumu hutolewa hapo hapo: “Nairobi imemharibia Kiswahili.”

Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Tukitazama namna utani wa maneno unavyofanya kazi, tutaona kwamba mtoto yule hakupoteza lugha. Kilichopotea ni kitu kingine, na ni kitu tunachoweza kumrudishia. Leo tuchambue utani huo, hasa ule unaohusu vyombo na vitu vya kila siku, maana huko ndiko tofauti ya Pwani na Nairobi inakoonekana waziwazi.

Si kila kitendawili ni mchezo wa maneno

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili. Vitendawili vingi tulivyolelewa navyo havichezei maneno, vinachezea sura ya kitu. “Nyumba yangu haina mlango” ni yai. “Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni” ni kikombe, kwa sababu mshikio wake unafanana na mkono ulioshikilia kiuno. Vitendawili vya namna hii unaweza kuvipeleka katika lugha yoyote vikaeleweka, maana yai halina mlango hata kwa Mchina.

Aina ya pili inategemea neno lenyewe. Hapa neno moja lina maana mbili, na mtegaji anakuonyesha maana moja huku ameificha ya pili nyuma ya mgongo. Shuleni watoto huyaita maneno hayo vitawe. Mbuzi, taa, paa, mto, kata, chungu, meza, kanga, kombe: lugha yetu imejaa maneno hayo, na mengi yake ni majina ya vyombo vya nyumbani.

Chukua mfano huu: “Kwetu kuna mbuzi, majani hayajui, lakini nazi haimshindi.” Mtu wa Pwani hahitaji kufikiri sana. Ni mbuzi ya kukunia nazi, ile yenye kibao cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno. Au huu: “Kila usiku nalala juu ya mto, na sijawahi kulowa.” Jawabu ni mto wa kitandani. Au huu: “Paa wetu hakimbii, na siku akikimbia tutalala nje.” Jawabu ni paa la nyumba.

Vitendawili hivi havitafsiriki. Ukivipeleka katika Kiingereza vinakufa palepale. Ndiyo sababu vinapima umiliki wa lugha kuliko mtihani wowote. Anayecheka ni lazima awe na maana zote mbili kichwani kwa wakati mmoja, na ziwe zimekaa karibu kiasi cha kugongana kabla hajajua kinachoendelea.

Ngeli ndizo adui wa mtegaji

Sasa tuingie jikoni tuone chakula kinapikwaje. Kiswahili kina kizuizi ambacho lugha nyingi hazina, nacho ni ngeli. Ukisema “mbuzi huyu amepotea,” umeshasema ni mnyama. Ukisema “mbuzi hii imevunjika,” umeshasema ni chombo. Ukisema “taa huyu,” umetaja samaki, yule bapa mwenye mkia mrefu. Ukisema “taa hii,” umetaja ya kumulika. Upatanisho wa kisarufi unafichua siri kabla mtegaji hajamaliza sentensi.

Wazee wetu walijua kulikwepa hilo, na njia zao ni za ufundi. Njia ya kwanza ni kutafuta maneno mawili yaliyo katika ngeli moja. Mto wa maji na mto wa kulalia vyote ni “mto huu, mito hii.” Hapo sarufi haifichui chochote, na ndiyo maana kitendawili cha mto hunasa hata watu wazima.

Njia ya pili ni kukimbilia jina. Mtegaji hasemi habari za kitu, anasema habari za jina lake. “Jina lake Chungu, lakini mchuzi wake mtamu.” Jawabu ni chungu cha kupikia. “Jina lake Kata, wala hakati kitu.” Jawabu ni kata ya kuchotea maji mtungini. “Jina lake Meza, lakini hamezi, wenzake ndio wanaomeza mbele yake.” Neno “jina” linabeba upatanisho wake lenyewe, na kitu chenyewe kinabaki kimejificha.

Njia ya tatu ni kukipa kitu uhai. Katika kitendawili ni halali kukisemesha kitu kama mtu au mnyama. Ndiyo maana mbuzi wa nazi anaweza “kutojua majani” bila mtegaji kushtakiwa kwa kuvunja sarufi. Kila mchezaji anaijua sheria hiyo, na mtegwa hawezi kulalamika kwamba amedanganywa.

Na akishindwa kabisa? “Nipe mji.” Mtegwa anatoa mji, mtegaji anajisifu kwamba ameufikia mji huo, amekula na kunywa huko, kisha anataja jawabu. Kushindwa kuna gharama, lakini ni gharama ya kuchekesha.

Nairobi imeibomoa kuta, utani ukapita

Sasa panda matatu namba 46 uelekee Kawangware, na usikilize. Utasikia “kiti yangu imevunjika,” “mbuzi yetu imepotea,” “kitabu yake iko wapi.” Mtu wa Pwani anakunja uso. Ngeli zimekwenda wapi? Kwa msemaji wa mtaani Nairobi, nyingi zimemiminwa katika ngeli moja, ile ya “i-” na “yangu.”

Sitetei lugha hiyo iandikwe katika insha ya shule. Lakini tazama inachofanya kwa utani. Kizuizi kile kilichowatoa wazee wetu jasho kimeondoka. “Taa gani inapikwa?” Kwa Kawangware swali hili halina kidokezo hata kimoja, maana taa zote mbili ni “inapikwa.” Kwetu tungelazimika kuzunguka njia tatu kufika hapo. Jambo lile lile tunalolilaumu kama udhaifu wa Kiswahili cha Nairobi ndilo linalofungua mlango kwa mchezo wa maneno. Si ajabu kwamba vijana wa Kangemi, Kawangware na Dagoretti wanatania kutwa kucha. Chombo chao kimelegezwa makusudi kwa kazi hiyo.

Na wana vitawe vyao wenyewe, vilivyozaliwa katika biashara na usafiri wa jiji. Chukua neno mbao. Kwa Sheng mbao ni shilingi 20. Pita Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, ambako mafundi wametandaza vitanda, makochi na kabati kando ya njia. Hapo mbao ya fundi na mbao ya kondakta zinaishi hatua chache kutoka nyingine. Kwa hivyo kitendawili hiki kinajibika palepale: “Mbao gani haipigiliwi msumari?” Ile ya nauli.

Chukua ngiri. Kwetu ngiri ni mnyama wa porini mwenye pembe za mdomoni, na tena ni ule ugonjwa unaopelekea mtu kupasuliwa. Nairobi ngiri ni shilingi 1,000. Fikiria mzee kutoka Kilifi anateremka mjini na kumwambia kijana, “Mwanangu, nina ngiri, inanitesa.” Kijana anamjibu, “Mzee, ikikutesa nipatie mimi.” Hapo wote wawili wanasema Kiswahili, kila mmoja yuko sahihi kwao, na anayewasikiliza wote wawili ndiye pekee anayecheka.

Au tao. Mombasa tao ni umbo la upinde juu ya mlango au njia, kama zile pembe za ndovu za barabara ya Moi. Nairobi, Tao ni katikati ya jiji, pale Kencom, Odeon na Ambassadeur. “Tao gani halikujengwa na fundi mmoja, na watu huliendea asubuhi wakarudi jioni?” Mtoto wa Kangemi atakuambia jawabu kabla hujamaliza.

Kuna pia utani unaokaa katikati na kuchekwa na pande zote. “Anapiga pasi kutwa nzima na timu hana.” Ni dobi. Pasi ya nguo na pasi ya mpira zote ziko Mombasa na zote ziko Westlands. Na sikiliza mchongoano huu wa watoto wa mtaani, yale mashindano ya kutaniana: “Buda yako ameongeza jiko ya pili, na ya kwanza haina makaa.” Jiko ni chombo, jiko ni mke, na kila mtu wa Kenya anajua maana ya kupata jiko. Sarufi si yetu, lakini fumbo ni letu kabisa.

Kilichopotea ni chombo

Basi kwa nini mtoto wetu akirudi kutoka Nairobi hacheki? Mtazame anakoishi. Katika chumba cha kupanga Kawangware, au hata katika nyumba kubwa ya Lavington, mara nyingi hakuna mbuzi ya nazi. Tui linanunuliwa dukani likiwa kwenye pakiti. Hakuna kata, kwa sababu maji yanatoka bombani au yako kwenye jerikeni, na jerikeni haichotwi kwa kata. Hakuna chungu cha udongo, kuna sufuria. Taa samaki hamjui, maana samaki wa sokoni ni tilapia na mbuta wa maji baridi.

Kitawe kina miguu miwili. Mguu mmoja ukikatwa hakisimami. Mtoto huyu anajua neno “mbuzi,” tena analijua vizuri, kwa sababu mbuzi choma haikosekani Nairobi. Asichokijua ni ile maana ya pili, na haijui kwa sababu hajawahi kukiona chombo chenyewe, wala hajatumwa kukuna nazi akajikata kidole. Ndiyo sababu nasema kilichopotea si lugha. Kilichopotea kwanza ni kitu, kisha maana ikaondoka nacho, na mwisho kicheko kikafuata.

Hali ni hiyo hiyo kwa maneno ya mila. Mwambie mtoto wa Pwani, “Kombe gani halishindaniwi?” Atakumbuka maandishi ya zafarani yanayoandikwa kwenye sahani, yakaoshwa kwa maji na kunywewa na mgonjwa. Atakumbuka pia ile methali ya “funika kombe mwanaharamu apite,” ambapo kombe ni chombo cha chakula. Mtoto aliyelelewa mbali na hayo anajua kombe moja tu, la mpira. Kwake swali lako halina maana, maana kwake kila kombe hushindaniwa.

Tena jambo hili si la Nairobi peke yake. Hata hapa kwetu mashine ya kukunia nazi sokoni imeshaanza kuipumzisha mbuzi ya nyumbani. Tukingoja miaka mingine, hata watoto wa Kibokoni watahitaji kufafanuliwa kitendawili kile. Na utani ukishafafanuliwa huwa umeshakufa.

Mti mmoja, matawi mawili

Wapo wanaoamini kwamba utani wa Nairobi ni mmea wa kigeni uliopandikizwa juu ya Kiswahili. Nawaomba watazame kazi ya msomi mmoja, Profesa Mohamed H. Abdulaziz wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1979 alitoa kitabu juu ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu 1840, ambaye mashairi yake yalipenda kulishika neno moja na kuligeuza maana baada ya maana. Mwaka 1997, akiwa na Ken Osinde, Abdulaziz huyo huyo alichapisha uchunguzi juu ya Sheng. Msomi mmoja aliona inafaa kuwasikiliza malenga wa Mombasa na vijana wa mitaa ya Nairobi. Na sisi tunaweza.

Ushahidi wa ukoo upo katika maneno yenyewe. Watoto wa Pwani wana mchezo wa kinyume, ambao silabi ya mwisho inatangulizwa mbele ili wageni wasielewe. “Kiti” kinakuwa “tiki.” Sasa litazame neno la Sheng “risto,” maana yake hadithi au habari. Limetoka wapi? Ni “stori,” silabi ya mwisho imetangulizwa mbele. Ni kinyume kile kile, sheria ile ile, na sababu ile ile ya kuficha mazungumzo yasisikike na wakubwa.

Mpaka wa mzaha

Hata hivyo si kila kicheko kinafaa. Nairobi imekusanya Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Wasomali na sisi wa Pwani katika ploti moja, na kila mmoja amekuja na matamshi ya kwao. Kuna utani unaotokana na neno, na kuna utani unaotokana na mdomo wa mtu. Anayetamka “kula” badala ya “kura” anafanywa kichekesho, na msimu wa uchaguzi mzaha huo husambaa kuliko mabango ya wagombea.

Mzaha wa kura na kula una akili ndani yake ukilengwa kwa mwanasiasa anayeomba ya kwanza ili afanye ya pili. Ukilengwa kwa mama mboga wa Kangemi kwa sababu ya ulimi wake, akili imetoka na kebehi imebaki. Nasi wa Pwani tusijitoe humo. Tunacheka matamshi ya wabara, nao wanaiga “yakhe” yetu kana kwamba kila Mswahili ni mvivu aliyelala chini ya mnazi. Kipimo ni rahisi: utani mzuri wa neno unaweza kurudiwa na yule yule aliyetaniwa, akacheka nao. Akishindwa kuurudia, ujue haukuwa wa neno.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwape watoto vitu kabla ya maneno. Mzazi aliye Westlands au Kawangware akija likizo, arudi na mbuzi ya nazi katika mzigo wake. Haichukui nafasi kubwa. Akune nazi siku moja mbele ya watoto, wala asiwape mhadhara. Kitendawili kitakuja chenyewe mezani, na kitachekesha, kwa sababu chombo kiko pale sakafuni.

Pili, tuwaulize nao. Mtoto akirudi nyumbani kutoka Nairobi asiwe mtegwa kila siku. Mpe nafasi atege. Atuambie mbao gani haipigiliwi msumari, na sisi wazee ndio tutoe mji. Mtoto aliyeshinda baraza mara moja atarudi barazani mara ya pili, na mara hiyo atakuwa tayari kushindwa.

Tatu, ombi kwa walimu. Vitawe vinafundishwa shuleni kama orodha ya kukariri: neno, maana ya kwanza, maana ya pili. Mwalimu akiwaambia wanafunzi waende nyumbani kila mmoja arudi na kitendawili kimoja cha chombo cha jikoni kwao, darasa la Kangemi litakuwa na vyombo vya Vihiga, Murang’a, Machakos na Lamu, na hakuna atakayelala.

Lugha haifi kwa sababu vijana wameichezea. Wanaochezea kitu ni wale walio nacho mkononi, na wasio nacho hukitazama kwa mbali kwa heshima. Vijana wa Nairobi wanakichezea Kiswahili kila siku, kuanzia Tao hadi Kawangware. Kazi yetu ni kuwaongezea maneno ya kuchezea, pamoja na vyombo vyake.

Kabla hatujaagana, msomaji, kitendawili! Ukisema “tega,” nakutegea hiki: Nina mlango hauna bawaba wala kufuli, na ukiufungua huingii, unausoma. Muulize na mwanao aliye Nairobi. Mkishindwa nyote, nipeni mji, lakini safari hii msinipe Mombasa. Nipeni Kangemi.